Shule Kwanza au Wito Kwanza? Malezi ya Wachungaji wa Kimennonite kutoka Mara hadi Maniema

Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati, Mara, katika Tanzania ya leo, mwaka 1934, Elam Stauffer akiwa miongoni mwao, walitoka katika kanisa ambalo halikudai seminari kwa wachungaji wake. Huko Lancaster, Pennsylvania, mchungaji alipatikana kwa kura. Waumini walitaja majina ya watu waliowaamini. Vitabu vikapangwa mezani kwa idadi ya waliotajwa, na ndani ya kimoja kikafichwa kipande cha karatasi. Aliyekiokota kitabu hicho aliwekewa mikono kwa maisha yake yote. Baada ya hapo alirudi kulima shamba lake, maana mshahara haukuwepo.

Lakini katika kulea viongozi wa Mara, wamisionari hao waliweka uzito mkubwa kwenye shule. Bukiroba, karibu na Musoma, pakawa na shule ya Biblia, na baadaye chuo cha theolojia. Sioni ubaya katika hilo. Swali langu ni nafasi iliyopewa shule hiyo. Waafrika wa kwanza, wakiwemo Andrea Mabeba na Ezekiel Muganda, waliwekewa mikono mwaka 1950, miaka 16 baada ya wamisionari kufika Shirati. Askofu wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, alisimikwa Januari 1967. Hiyo ni miaka 33, na Kisare alikuwemo tangu siku za mwanzo! Mkulima wa Lancaster angeweza kuamka muumini wa kawaida na kulala mchungaji.

Huenda mtu akajibu kwamba kanisa changa lilihitaji muda. Ni kweli, ila mwaka 1942 uamsho ulifika Shirati, na wamisionari na wenyeji wakaungamiana dhambi zao hadharani, Mzungu akimwomba radhi Mjaluo. Tangu hapo waumini waliwajua viongozi wao, hata kabla cheti hakijaandikwa. Chuo kilikuja kumnoa mtu ambaye kanisa lilikwisha kumtambua, na huo ndio mpangilio ninaoutetea.

Mpangilio huo unaafikiana pia na chimbuko la Waanabaptisti, vuguvugu walikotoka Wamennonite. Ungamo la Schleitheim la mwaka 1527 linataka mchungaji awe mtu mwenye sifa njema hata kwa walio nje ya kanisa. Na akiuawa au kufukuzwa, mwingine awekwe saa ileile. Viongozi wa mwanzo wa vuguvugu hilo hawakudharau elimu: Michael Sattler, anayehusishwa na uandishi wake, alikuwa mtawa, na Menno Simons, ambaye Wamennonite wanaitwa kwa jina lake, alikuwa padri hadi mwaka 1536.

Leo msukumo wa kutanguliza shule unatoka serikalini. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 iliwapa viongozi wa makanisa miaka 5 wapate shahada ya mambo ya dini. Hofu iliyoizaa ina msingi: wahubiri wasiojibu kwa yeyote wameumiza watu wengi. Hata hivyo shahada haimfanyi mtu awajibike. Kinachomfanya awajibike ni kanisa lenye uwezo wa kumhoji, na msomi asiyehojiwa ni hatari kuliko mkulima anayehojiwa.

Huku Maniema tatizo lina sura nyingine. Theolojia ya juu nchini Kongo hufundishwa kwa Kifaransa, katika vyuo vikubwa vilivyo mbali, kama vile vya Kinshasa, ambako Wamennonite ni miongoni mwa waliochangia elimu hiyo. Lokandu, kwenye ukingo wa Lualaba, ibada na mazishi ni kwa Kiswahili. Pasta anayepelekwa mbali kwa miaka kadhaa hurudi na istilahi asizoweza kuwafafanulia mama wa kanisa, kama atarudi. Wengi hubaki mjini, na siwalaumu.

Kwa hiyo makanisa yetu, ya Kimennonite na jirani zao Wamethodisti, yageuze utaratibu: waumini wamchague mtu wao kwanza, wamwekee mikono, kisha wamlipie masomo ya muda mfupi mfupi, kwa Kiswahili, karibu na watu anaowachunga. Shahada ya Kinshasa ibaki kwa wale watakaofundisha walimu.