Mwonevu na Pwaguzi Wake: Kisasi cha Mnyonge katika Michezo Mifupi ya Kuigiza

Katika masimulizi yetu ya kale mnyonge hakumshinda mwonevu kwa mabavu. Sungura ni mdogo, Simba ana nguvu, Fisi ana ulafi. Na msikilizaji aliyeketi kando ya moto alijua mapema nani atakayelia mwishoni. Utamu wa hadithi ulikuwa katika kuingojea namna. Utamu huo ndio waupatao leo watazamaji wa michezo mifupi ya televisheni, pale tajiri mkorofi anapoumbuka mbele ya wale aliowadharau. Lakini njia iliyoufikisha utamu huo kwenye televisheni ilikuwa na kona nyingi.

Wakati wa utawala wa Waingereza, vichekesho vilivyochezwa shuleni mara nyingi vilimcheka mtu wa shamba: hajui kuvaa viatu, hajui Kiingereza, apotea mjini. Yaani aliyechekwa alikuwa mnyonge mwenyewe. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na hila zaidi. Wachezaji walijipa vyeo vya maofisa wa Kizungu, wakapiga gwaride kama wao. Wako wasemao kuwa huko kulikuwa kuwatukuza wakubwa, na wako wasemao kuwa kulikuwa kuwadhihaki. Mimi naona yalikuwa yote mawili, kutegemea ni nani aliyekuwa akitazama.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liligeuza upande wa kicheko. Kupe, mnyonyaji, kabaila na mirija yake waliingia jukwaani, katika michezo ya kuigiza na katika ngonjera, fani iliyoenezwa na Mathias Mnyampala. Tusifiche kwamba mnyonyaji wa jukwaa la siku zile aghalabu alikuwa sanamu la kitambi tu, asiye na mke wala wasiwasi. Hata hivyo lilikuwapo jambo moja ambalo twalikosa sasa: alishindwa na watu wengi kwa pamoja, nao walibaki wakulima na wafanyakazi walewale hata baada ya ushindi wao. Redio nayo ilikuwa na njia yake. Mchezo wa Radio Tanzania ulioitwa Pwagu na Pwaguzi ulichukua jina lake katika methali isemayo kuwa pwagu hupata pwaguzi, na methali hiyo haimwahidi mnyonge haki yoyote. Yamwahidi tu kwamba mjanja atakutana na mjanja mwenzake aliyemzidi.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994, kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo yake. Hapo ndipo vikundi kama Kaole vilipoingia majumbani mwetu. Muda wa mchezo ni mfupi, nao umekatwakatwa na matangazo ya biashara. Kwa hiyo mwonevu sharti ajulikane kwa tendo moja. Mama wa kambo amwaga chakula cha mtoto. Mwajiri ampiga kibao mtumishi. Mtazamaji akishakasirika, mwandishi amekwisha mkamata, wala hawezi kuondoka mpaka deni lilipwe. Na siku hizi hulipwa kwa fedha: yule mtumishi atambulikana kuwa binti wa tajiri mkubwa, au arudi baada ya miaka akiwa ndani ya gari, na mwonevu apiga magoti.

Nimewahi kutazama mchezo wa namna hiyo Kagunga, katika kibanda cha video kilichoendeshwa kwa jenereta. Kagunga imebanwa baina ya Ziwa Tanganyika na milima mirefu, jirani kabisa na Burundi, na kwa miaka mingi karibu kila kitu kimefika huko kwa mashua: sabuni, barua, na santuri za filamu. Mwonevu alipopiga magoti kibanda kizima kilishangilia. Bibi mmoja, mwanika dagaa, hakushangilia. Aliuliza, “Na yule mtumishi mwingine wa jikoni, asiye na baba tajiri, yeye atalipiwa na nani?” Vijana wakamcheka.

Swali lile lina uzito wa pekee katika mwambao huo. Mwezi Mei 1995 lingeweza kuulizwa na mkimbizi yeyote wa ukanda huu; Mei 2015 liliwajia watu wa Kagunga mlangoni, maelfu kwa maelfu ya Warundi walipolala ufukweni, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Mwalimu anayejadili michezo hii darasani na akumbuke kwamba huenda mbele yake wameketi watoto ambao kwao neno kisasi si la mchezoni.

Hapana lazima kila mchezo uishie magotini. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, ikapendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Humo ugomvi wa mke na mama mkwe ni mkali, lakini watu sharti waendelee kula chungu kimoja.

Wanafunzi wa mwambao nao hutunga yao. Katika mchezo mmoja niliouona, mwonevu ni mwenye mtumbwi na karabai, anayewapunja wavuvi mgawo wao. Hakuna mwana wa tajiri aliyejificha. Jioni inafika, giza la mwezi ni zuri kwa dagaa, nao wavuvi wanakaa mchangani, hawasukumi chombo. Mwenye chombo anatukana, anabembeleza, kisha anatoa fedha na kuzihesabu kwa sauti mbele yao, noti moja moja. Ndipo wanapoinuka, wanawasha karabai, wanakwenda kuvua.