Kusosi Isiolo: Cha Kuitisha Hotelini na Venye Utajipikia Nyirinyiri Keja

Wasee wengi wanaijua Isiolo kama tao ya kushuka basi dakika chache ukienda Marsabit ama Moyale. Unakimbia choo, unanunua maji na biskuti, unarudi kwa siti. Halafu mtu anafika Nairobi anaanza kusema ati huko kaskazini hakuna msosi. Maze, hiyo ni kukosea watu heshima. Hii story ni ya wewe umetumwa huko kwa kazi, ama umealikwa harusi ya beshte, ama umezaliwa Bulapesa kabisa lakini kila jioni ni chipsi na smokie na mathe anakuangalia tu.

Kwanza ijue tao yenyewe. Iko kama kilomita 285 kutoka Nairobi, pale mteremko wa Mlima Kenya unaishia na nchi kame inaanza. Viazi, kabeji, sukuma na ndizi zinashuka kutoka upande wa Meru na Timau. Mbuzi, ng'ombe na ngamia wanatoka upande ule mwingine. Katikati wanaishi Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na kila mtu alikuja na sufuria yake. Na usifikirie Wasomali wa Isiolo walifika jana. Kuna familia za pale ambazo babu zao walikuwa wanajeshi wa King's African Rifles, wengi wao Waisaaq, wakapewa makao hapo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Pilau na anjera zimekula miaka mia moja kwa hiyo tao. Si chakula cha wageni.

Ukiingia hoteli

Hoteli nyingi za katikati ya tao ni halali, kwa hivyo nguruwe sahau, na pombe utaitafutia baa. Mwezi wa Ramadhan hoteli nyingi za Waislamu hufungwa mchana, so panga tumbo lako mapema. Lakini huo ndio mwezi wa kutembea jioni juu jua likizama tu, mezani kuna tende, sambusa, uji, viazi karai na mahamri moto. Hata kama hufungi, hakuna mtu atakuuliza kitambulisho. Kaa, ule.

Kama mko watatu ama wanne, itisheni sinia moja badala ya kila mtu na sahani yake. Wali unakuja umetiwa viungo, juu kuna mbuzi aliyechemshwa hadi mfupa unaachilia nyama yenyewe, pembeni kuna pilipili ya kijani na ndizi mbivu. Sasa hiyo ndizi ndiyo hutambulisha mgeni. Mgeni anaiweka kando akidhani ni ya kumalizia. Mwenyeji anaikata kidogo kidogo anaila pamoja na wali na pilipili. Jaribu mara moja kabla hujacheka. Mkono ni wa kulia, na unakula upande wako wa sinia, si kuvuka mpaka kufuata mfupa wa mwenzako.

Spageti nayo ipo, na watu huichanganya na wali nusu kwa nusu. Usishangae sana.

Nyama ya kupima ni mambo tofauti. Hapo unaenda mwenyewe kwa buchari iliyo mbele ya hoteli, unaonyesha kipande, kinapimwa ukiona, halafu unasema choma, chemsha ama ya kukaanga na mchuzi. Uliza bei ya kilo kabla kisu hakijagusa nyama, na ulize kama kupikiwa kunalipiwa kando. Mbuzi wa choma anataka kama saa nzima. Ukiambiwa dakika tano, jua hiyo nyama ilikuwa ya mtu mwingine jana. Nilijifunza hii na tumbo langu, hoteli siitaji.

Ngamia je? Itisha, lakini itisha kwa akili. Nyama ya ngamia haina mafuta mengi ndani, mafuta yake yako kwa nundu. Ngamia mchanga ni mtamu na laini. Ngamia mzee aliyetembea maisha yake yote ukimchoma haraka utatafuna hadi Archers Post. Kama humjui mpishi, chukua ya mchuzi iliyokaa kwa moto muda mrefu, na uombe kipande kidogo cha nundu kando.

Siku ganji imekauka, tafuta vibanda vya akina mama karibu na soko. Githeri, mukimo, chapo madondo, sukuma na ugali. Hapo ndipo Meru inakulisha, bei ya chini na sahani imejaa. Hakuna mengi ya kuongeza, unajua chapo dondo.

Chai yenye ladha ya moshi

Kuna kitu kila mgeni hulalamikia: chai ina harufu ya moshi, ati sufuria iliungua. Haijaungua. Ni maziwa ya ngamia. Wafugaji husafisha vyombo vya maziwa kwa moshi wa miti fulani, na huo moshi unasaidia maziwa yakae muda bila kuharibika, kazi ya friji mahali hakuna stima. Baada ya vikombe vitatu, chai ya kawaida itaanza kukuonja kama maji.

Hayo maziwa yana biashara kubwa kuliko unavyodhani. Yanatoka mashinani, sehemu kama Kulamawe (ndio, hilo ni jina la mahali, na hapana, hawali mawe), yanaletwa tao kwa mitungi, yanapozwa, halafu yanapakiwa kwa mabasi hadi Eastleigh, Nairobi. Walioshika hiyo kazi ni wanawake. Ushirika wao unaojulikana zaidi ni Anolei, wa wauzaji wa maziwa ya ngamia hapo Isiolo. Kwa hivyo ile chai unayolipia bei ya juu kwa hoteli ya Eastleigh inaweza kuwa ilipanda basi kutoka Isiolo.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Wazee watakuambia maziwa ya ngamia hunywewa mabichi, na ukiyachemsha umeyaua. Wana heshima zao, lakini maziwa mabichi yanaweza kukupa brusela. Hiyo ni homa inayokwenda ikirudi, jasho usiku, viungo vinauma kama mzee wa miaka 80, na wasee wengi hutibiwa malaria ama taifodi wiki nzima kabla mtu afikirie kupima hiyo. Kama umenunua ya mtungi sokoni, chemsha. Moto mdogo, ukikoroga, hadi yachemke kabisa. Ladha ya moshi haiendi popote. Kwa chai, anza na maji, majani, sukari na iliki, ikishachemka ndio uongeze maziwa. Na kama ni mara yako ya kwanza, kikombe kimoja kinatosha. Tumbo ambalo halijazoea huwa na maoni yake.

Ukialikwa kwa nyumba ya Waborana, unaweza kuletewa buna. Ni matunda ya kahawa, mazima, yaliyokaangwa kwa samli, na mara nyingi maziwa huongezwa. Unatafuna. Ni kitu cha dua na wageni wa heshima, so usiseme ati wewe kahawa hunywi. Pokea.

Nyirinyiri: hii ndio story yenyewe

Piga hesabu. Kama uko keja ya kupanga na unakula nje soo tatu kwa siku, mwezi ukiisha umeacha ngiri tisa kwa hoteli na kwako hakuna hata chumvi. Kupika kila jioni nayo ni kazi, naelewa, unafika umechoka na stima imepotea. Hapo ndipo nyirinyiri inaingia. Unapika siku moja, unakula wiki kadhaa, bila friji.

Haikubuniwa kwa sababu ya utamu. Mfugaji akiona kiangazi kinakuja na ng'ombe anaanza kulegea, anamchinja mapema kabla hajabaki mifupa, na nyama inageuzwa kuwa kitu cha kukaa. Ni chakula cha safari na cha njaa. Kwa ule ukame wa kuanzia 2020 hadi 2022, mvua ilikosa msimu baada ya msimu, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa kwa maeneo kame ya Kenya, Isiolo ikiwemo. Familia iliyokuwa na mitungi ya nyirinyiri iliokoa kitu kwa mnyama wake. Iliyongoja bei ipande ilibaki na ngozi. Leo hiyo nyama inauzwa kwa chupa Nairobi kama kitu cha anasa, na mayuts wa Isiolo wanainunua juu hakuna aliyekaa na shosho jikoni amwone akipika. Hiyo ndio inaniuma.

Kwa Wasomali wa kaskazini, Waisaaq wakiwemo, nyama kama hii ina hadi sherehe yake ya harusi. Inaitwa xeedho. Nyama ndani ya samli inawekwa kwa chombo, inafunikwa na tende zilizopondwa, halafu chombo kinavikwa nguo kama bibi harusi na kufungwa kamba zenye mafundo ya kutesa. Watu wa upande wa bwana harusi wanaitwa wafungue mbele ya wote bila kukata kamba. Wakishindwa wanatozwa faini na wanachekwa. Hebu fikiria unafundishwa adabu na mtungi wa nyama.

Haya, tupike. Nunua kilo tatu za ng'ombe ama ngamia, nyama tupu bila mfupa na bila mafuta mengi. Usishangae ikibaki karibu kilo moja ukimaliza, nyama kubwa ni maji na ndiyo tunayafukuza. Ikate vipande virefu vyembamba kama mshipi, ipake chumvi, itundike kwa kamba safi mahali pana jua na upepo, ukiifunika na wavu juu ya nzi. Jua la Isiolo linafanya kazi siku moja hadi mbili. Unaitaka ngumu kwa nje lakini kisu bado kinapita. Kisha ikate vidogo vidogo sana, saizi ya maharagwe ama chini ya hapo.

Kama uko Nairobi mwezi wa saba na jua halionekani, ruka kamba. Kata hivyo vidogo moja kwa moja, weka kwa sufuria pana na chumvi, washa moto mdogo, acha itoe maji yake na iyakaushe yenyewe. Inachukua muda. Usifunike.

Kutoka hapo njia ni moja. Mwaga mafuta ama samli hadi yafunike nyama, moto wa wastani, na usiondoke. Koroga. Mwanzo kunakuwa na povu na kelele nyingi, hayo ni maji yanatoka. Kelele ikishapungua na nyama ikawa kahawia ya kukolea, weka kitunguu saumu kilichopondwa na iliki ya kusaga, dakika chache tu, kisha epua. Watu huharibia hapa kwa kuongeza kitunguu cha kawaida, nyanya na hoho kama wanapika mchuzi. Kitu chochote chenye maji kikibaki ndani, chupa itaota ukungu na kilo zako tatu zimeenda. Onja: ikivunjika kwa meno kama karanga imeiva, ikivutika bado.

Ipoe kiasi, ijaze kwa chupa ya glasi iliyooshwa na kukauka kabisa, halafu mwaga samli iliyoyeyushwa hadi nyama yote izame. Samli ikiganda inafunga hewa isiingie. Kila ukichota tumia kijiko kikavu, na usawazishe samli irudi juu.

Cha kula nayo

Anjera ndio mwenzake. Usiku changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha mahindi ama mtama, nusu kijiko kidogo cha hamira, chumvi, na maji ya vuguvugu hadi iwe nzito kidogo kuliko maziwa. Funika, lala. Asubuhi itakuwa na mapovu na harufu ya uchachu kidogo. Pasha kikaangio, mwaga upawa mmoja katikati, zungusha kwa mgongo wa upawa ukielekea nje kama unachora konokono, funika. Haigeuzwi. Ikishatoboka vishimo juu na kukauka, toa. Usiichanganye na injera ya Ethiopia, ile ni kubwa zaidi, hupikwa kwa unga wa tefu na ina uchachu wa maana.

Vijiko viwili vya nyirinyiri vinatosha mtu mmoja juu imejaa nguvu. Pasha samli iyeyuke, mwaga juu ya anjera, kunja. Kwa wali pia inaingia, kwa chapo pia, na chai ya moshi kando. Mse wangu mmoja huiweka kwa indomie na sitamhukumu.

Na kama unaishi na mtu keja moja, hiyo chupa ifiche nyuma ya unga.