Lebo Moja, Sauti Nyingi: Urafiki wa Waimbaji na Safari ya Kiswahili kutoka Katanga hadi Nairobi

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na mifano tunayoitoa ni ya kilimo cha ushirika, ujenzi wa shule na michango ya harusi. Ni nadra kwetu kuihusisha na santuri. Hata hivyo, mtu akichunguza jinsi Kiswahili kilivyoenea kwa njia ya muziki katika sehemu zilizo mbali na pwani, ataona kwamba nyimbo nyingi tunazozitaja kwa jina la mwimbaji mmoja zilitokana na urafiki wa watu kadhaa waliokutanishwa na kampuni moja ya kurekodi.

Makala haya yanaangalia makundi mawili ya waimbaji wa aina hiyo. La kwanza ni la ndugu wawili wa Katanga, Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo. La pili ni la waimbaji wa studio ya Equator Sound mjini Nairobi. Lengo letu ni kuuliza swali moja linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili katika nchi za jirani: je, lugha hii ilikuzwa na nani?

Kalamu nyekundu

Kabla ya kuendelea, sina budi kukiri jambo. Kwa miaka kadhaa nilisahihisha insha za wanafunzi wetu waliotoka Kongo kwa kalamu nyekundu isiyo na huruma. Aliyeandika "mutu" badala ya "mtu", au "njo" badala ya "ndiyo", nilimkata alama bila maelezo. Siku moja mwanafunzi aliyekulia Lubumbashi aliniuliza mbele ya wenzake, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kama hiki si Kiswahili, babu yangu alikuwa anaimba lugha gani?" Darasa lilinyamaza, nami pia. Jioni ile nilirudi nyumbani nikaanza kusikiliza upya nyimbo za zamani. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Ndugu wawili wa Katanga

Mapema katika miaka ya 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika aliyefanya kazi na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, alizunguka nchi nyingi akirekodi waimbaji. Mwaka 1952 alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi kijana aliyepiga gitaa kwa namna ya kushangaza. Kwa vidole vya mkono mmoja kijana huyo alitoa sauti za juu na za chini kwa wakati mmoja, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Huyo ndiye Jean Bosco Mwenda, na mojawapo ya nyimbo zilizorekodiwa mwaka ule ni "Masanga". Santuri zake zilitolewa kwa lebo ya Gallotone na kusambaa katika Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini.

Edouard Masengo, ndugu yake Bosco, naye alirekodiwa na lebo hiyohiyo. Wawili hawa hawakuwa nakala moja. Sifa ya Bosco ilitokana hasa na vidole vyake, wakati Masengo alipendwa zaidi kwa uimbaji wake na jinsi alivyojua kuwachangamsha watazamaji. Lakini walitoka katika mazingira mamoja, yaani miji ya migodi ya shaba, ambako wafanyakazi wa makabila mengi waliishi pamoja na kuzungumza Kiswahili kama lugha ya kazi, ya mtaa na ya burudani. Kiswahili chao hakikutoka katika kitabu cha sarufi. Kilitoka kwenye foleni ya maji, kambi ya wachimbaji na meza ya pombe.

Baadaye wote wawili walifika Nairobi. Masengo alikaa huko kwa muda mrefu. Bosco naye alikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1960, akasikika redioni na hata akaimba matangazo ya biashara ya dawa ya Aspro. Tuzingatie jambo hili: wakati ambapo wataalamu walikuwa wakisisitiza usanifu wa Kiswahili, wafanyabiashara wa Nairobi walimwamini Mkongo mwenye Kiswahili cha Katanga kuwauzia bidhaa zao kwa Waswahili na wasio Waswahili. Bila shaka walijua kwamba angeeleweka. Vijana wa Kenya waliopiga gitaa kavu walimsikiliza, wakaiga vidole vyake, na maneno yake yakawafikia pamoja na vidole hivyo.

Studio ya Equator

Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Charles Worrod aliendesha mjini Nairobi studio na lebo iliyojulikana kama Equator. Studio hiyo ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band. Tofauti na utaratibu wa kila mwimbaji kuja na watu wake, hapa waimbaji wa lebo walikuwa pia wapigaji wa wenzao. Leo wewe ndiwe mwenye wimbo, nami naitikia nyuma yako. Kesho wimbo ni wangu, nawe unanipigia gitaa.

Tuwatazame waliokuwamo. Fadhili William alitoka Taita. Daudi Kabaka, ambaye wanafunzi wetu wakisikia jina lake hudhani ni Mganda, alikuwa Mkenya wa jamii ya Waluhya. Gabriel Omolo alikuwa Mjaluo. Nashil Pichen na Peter Tsotsi Juma walitoka Rhodesia ya Kaskazini, nchi iliyokuja kuitwa Zambia mwaka 1964. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mswahili wa pwani. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na walipokaa pamoja kutunga, lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Urafiki huo ulizaa mtindo. Mapigo ya kwela kutoka kusini mwa Afrika, ambayo Wazambia hawa waliyafahamu vizuri, yalichanganyika na dansi ya twisti iliyokuwa ikipendwa na vijana duniani, na juu yake yakawekwa maneno ya Kiswahili chepesi. Kabaka akaitwa mfalme wa twisti. Wimbo wake "Helule Helule" ulivuka bahari: mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliurekodi, ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi nchini humo.

Jina kwenye santuri

Hapa ndipo penye uchungu wa historia hii. Santuri ina nafasi ndogo ya kuandikwa jina. Aliyeandikwa hukumbukwa, na aliyeitikia nyuma husahauliwa. Mfano mkubwa ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi akiwa na kundi la Jambo Boys, kisha akaurekodi tena kwa Equator katika miaka ya 1960. Miriam Makeba aliuimba, na mwaka 1965 ukatokea katika albamu yake na Harry Belafonte. Dunia nzima ikajua neno "malaika" kwa Kiswahili. Lakini ubishi kuhusu nani aliyeutunga haujaisha hadi leo: yupo anayemtaja Fadhili, yupo anayemtaja Adam Salim wa Tanzania, na wapo wanaomtaja Grant Charo.

Sikusudii kutoa hukumu katika kesi hiyo. Ninachotaka tukione ni kwamba sheria ya hakimiliki inataka mtu mmoja mwenye jina, ilhali nyimbo nyingi za wakati ule zilizaliwa kwenye baraza, studio na safari, ambako mmoja alileta ubeti, mwingine akaleta kiitikio, na wa tatu akaleta njia ya gitaa. Urafiki ulitosha kuutengeneza wimbo. Haukutosha kugawana mapato yake. Waimbaji wengi wa kizazi kile walilipwa kwa mkupuo, na walipozeeka hawakuwa na cha kuonyesha isipokuwa sifa.

Hata hivyo, urafiki wenyewe haukufa upesi. Bendi ya Equator ilipotawanyika, Pichen na Tsotsi waliendelea pamoja katika miaka ya 1970 kwa jina la Eagles Lupopo, naye Kabaka akatumia jina la African Eagles. Omolo aliunda Apollo Komesha na kutoa "Lunch Time", wimbo unaoeleza saa ya chakula cha mchana mjini kwa macho ya mfanyakazi asiye na fedha. Fadhili William na Daudi Kabaka, walioimba pamoja ujanani, waliaga dunia katika mwaka mmoja, 2001: Fadhili mwezi Februari na Kabaka mwezi Novemba.

Funzo kwa walimu na wanafunzi

Je, historia hii inatufaa nini darasani? Kwanza, inatuonyesha kwamba Kiswahili hakikuja kwetu kama mgeni aliyeletwa na serikali. Hapa Uganda baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini santuri zilikuwa zimetangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Pili, inatudai heshima. Mtihani wa Kiswahili sanifu utabaki kuwa mtihani wa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi akiandika "mutu" bado nitamwonyesha "mtu". Lakini sasa naandika pembeni: "Hivi ndivyo isemwavyo Katanga, katika insha hii tumia sanifu." Ni sentensi fupi, nayo imebadilisha sura za wanafunzi wangu.

Tatu, inatupa kazi. Wapo wazee mitaani mwetu waliopiga besi, waliopiga ngoma au walioitikia katika nyimbo tunazozijua, na majina yao hayakuandikwa popote. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asisubiri hadi wazee hao waondoke. Achukue kinasa sauti, aende akawaulize swali moja tu: nyuma ya sauti ile, mlikuwa nani na nani?

Hitimisho

Yule mwanafunzi wa Lubumbashi alikwisha kuhitimu, naye sasa anafundisha. Ikiwa anasoma kijarida hiki, basi ajue jibu lake ni hili: babu yako alikuwa anaimba Kiswahili, na hakuimba peke yake. Mgala muue na haki yake umpe.