Ganzi ya mikono: Tatizo linalowanyemelea waendeshaji pikipiki

UKIPITIA katika kituo cha bodaboda nyakati za jioni, iwe Busia, Nakuru au Likoni, huenda ukamwona mhudumu aliyeketi kando ya pikipiki yake akiukung'uta mkono kana kwamba anaondoa maji vidoleni. Wenzake hudhani ni uchovu wa kutwa. Yeye mwenyewe husema ni baridi yabisi, hununua tembe za kutuliza maumivu, hujipaka dawa ya kuchua, na kesho yake alfajiri huwa amerejea barabarani.

Huenda kisiwe chochote kati ya hivyo. Yawezekana kwamba neva inabanwa ndani ya kifundo cha mkono wake. Ugonjwa huu hutibika vyema unapogunduliwa mapema, lakini ukipuuzwa kwa muda mrefu unaweza kuuacha mkono ukiwa dhaifu hata baada ya upasuaji. Kwa mtu ambaye chakula cha watoto wake hutokana na klachi na breki, hilo si jambo dogo.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iitwayo karpali, nayo imejipanga mfano wa mfereji. Upande wa kiganja, mfereji huo umefunikwa kwa ukanda mgumu ulio kama paa. Nafasi iliyo kati ya mifupa na ukanda huo ndiyo madaktari huiita handaki la karpali. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, zikisongamana na neva moja iitwayo neva ya kati. Handaki lenyewe haliwezi kutanuka. Kano zikifura, au kifundo kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu, kinachoumia ni ile neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo.

Neva hiyo huhudumia dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Hii ndiyo sababu mgonjwa huhisi ganzi, sindano au moto katika vidole hivyo huku kidole cha mwisho kikiwa salama kabisa. Dalili huanza usiku. Mtu huamka usiku wa manane mkono ukiwa umekufa ganzi, akautikisa hadi upate nafuu, kisha akalala tena. Baadaye hali hiyo humfuata mchana, hasa anaposhika kitu kwa muda mrefu: simu, jembe, au usukani wa pikipiki.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Daktari Mwingereza, James Paget, alieleza kubanwa kwa neva hii mnamo 1854 kwa mtu aliyevunjika mkono karibu na kifundo. Aliyeufanya ujulikane sana miongoni mwa madaktari ni Mmarekani George Phalen, katika miaka ya 1950, na kipimo kinachoitwa kwa jina lake kingali kinatumika. Mgonjwa huibananisha migongo ya viganja vyake viwili, vidole vikielekea chini, na kukaa hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikimjia katika vidole vilivyotajwa kabla ya dakika kwisha, daktari hupata sababu ya kuchunguza zaidi.

Kwa nini pikipiki? Mnamo 1981 watafiti wa Marekani walioongozwa na Richard Gelberman walipima shinikizo lililomo ndani ya handaki hilo. Kwa watu wenye afya, kifundo kikiwa kimenyooka, walipata wastani wa milimita 2.5 za zebaki. Kwa wagonjwa ilikuwa 32. Wagonjwa hao walipokunja kifundo kuelekea kiganjani, shinikizo lilipanda hadi 94, na walipokikunja kuelekea nyuma likafika 110. Hata kwa wale wenye afya, kukunja kifundo kulipandisha shinikizo hadi takriban 30.

Sasa mtazame mwendeshaji pikipiki. Kila anapozungusha kishikio cha mafuta, kifundo cha mkono wa kulia hukunjika kuelekea nyuma, na hubaki hivyo kilomita baada ya kilomita. Mkono wa kushoto nao hubana na kuachilia klachi mara nyingi zisizohesabika katika msongamano wa magari. Juu ya hayo pana mtetemo wa injini na mishtuko ya barabara ya murram. Mtetemo humfanya mtu abane usukani kwa nguvu zaidi bila kujijua. Naye aliyekwishakufa ganzi hubana hata zaidi, kwa sababu haisikii vyema mipini aliyoishika. Hivyo ugonjwa hujilisha wenyewe.

Bodaboda ilianza kama biashara ya baiskeli mpakani Busia. Pikipiki zilienea kwa kasi baada ya serikali kuondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa zile za chini ya cc 250 mnamo 2008. Tangu hapo Wakenya wengi wamekuwa wakishinda juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Nyingi ni pikipiki ndogo za silinda moja, na injini ya aina hiyo hutetema zaidi ya ile yenye silinda nyingi.

Haimaanishi kwamba kila mwendeshaji ataugua, wala kwamba kila anayeugua ameuguzwa na pikipiki. Wanawake hupatwa zaidi ya wanaume, na wajawazito wengi hupatwa kisha wakapona baada ya kujifungua. Ugonjwa wa kisukari, upungufu wa homoni za tezi ya koo, unene wa kupindukia, baridi yabisi ya viungo na jeraha la zamani la kifundo huongeza hatari. Ndiyo maana daktari makini hupima sukari ya mwili kabla ya kulaumu pikipiki.

Aidha si kila ganzi ni ya handaki hili. Kidole cha mwisho kikifa ganzi, huenda neva iliyoguswa ni ile nyingine ipitayo nyuma ya kiwiko. Vidole vikigeuka vyeupe kwenye baridi, mishipa ya damu huenda imeharibiwa na mtetemo. Ganzi ikianzia nyayoni, kisukari hushukiwa. Na maumivu yakishuka kutoka shingoni, tatizo laweza kuwa kwenye uti wa mgongo.

Hatari ya barabarani inahitaji kusemwa waziwazi. Breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, huendeshwa kwa vidole vya mkono wa kulia. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu kuupata wenzo wa breki, mita saba zimekwisha kupita, na hizo zinazidi urefu wa matatu ya abiria 14. Anayeangusha sarafu anapomrudishia abiria chenji, au anayeshindwa kufunga vifungo vya shati, asijidanganye kwamba vidole hivyo vitamtii dharura ikizuka.

Hata hivyo, ugonjwa ukiwa bado mchanga si lazima mtu auze pikipiki yake. Kuna mengi ya kurekebisha, na mengine hayagharimu chochote zaidi ya dakika chache za fundi.

La kwanza ni mkao wa nyenzo za klachi na breki. Keti juu ya pikipiki kama unavyoketi safarini, kisha nyoosha vidole juu ya nyenzo hizo. Mstari kutoka kiwiko hadi ncha za vidole unafaa kuwa umenyooka. Mara nyingi nyenzo huwa zimeinuliwa mno, nacho kifundo hulazimika kukunjika nyuma kila unapozifikia. Fundi hulegeza nati, akazishusha kidogo, akakaza tena. Ni kazi ya spana moja, lakini ni wachache wanaoiomba.

Kisha kuna waya wa klachi. Waya mkavu au ulioanza kukatika nyuzi hufanya klachi iwe ngumu maradufu. Kuutia oili au kuubadilisha ni nafuu kuliko sindano yoyote ya hospitalini. Kishikio cha mafuta nacho kisiwe kizito kuzunguka. Mipira ya mipini iliyokauka na kuwa migumu ibadilishwe kwa iliyo laini, ingawa wale wanaozungushia vipande vya tyubu wachunge: mpini ukiwa mnene mno kwa kiganja, vidole hufanya kazi zaidi. Vile vizito vya chuma vilivyo ncha za usukani, ambavyo baadhi huving'oa kwa kudhani ni mapambo, viliwekwa kupunguza mtetemo. Na tairi lililojazwa upepo kupita kiasi ili libebe magunia hupeleka kila jiwe la barabarani moja kwa moja mikononi.

Uendeshaji wenyewe pia hubadilika. Magoti ndiyo yabane tangi la mafuta, mwili ukae wima, mikono isibebe uzani wa kifua. Kwenye foleni, tia gia ya kupumzika na uachilie klachi badala ya kuibana ukisubiri. Unaposubiri abiria, fungua na ufumbe viganja polepole. Katika maeneo ya baridi kama Limuru au Molo glavu ni muhimu, ila zisibane kifundo, na saa ya mkononi isikazwe.

Wapo wanaotumaini pikipiki za umeme, na matumaini hayo yana msingi. Nyingi hazina klachi na mtetemo wake ni mdogo. Lakini mkono wa kulia bado huzungusha kishikio, na mashimo ya barabara ni yale yale.

Usiku ndiyo wakati wa tiba ya kwanza. Mgonjwa huvaa gango, yaani kifaa kigumu kinachokiweka kifundo kikiwa kimenyooka anapolala, kwa muda wa wiki sita hivi. Wahudumu wa tiba ya viungo katika hospitali kubwa wanaweza kumpatia au kumtengenezea. Kisivaliwe wakati wa kuendesha, kwa kuwa humzuia mtu kushika nyenzo sawasawa. Tembe za maumivu hazifungui handaki. Anayezila kila siku huficha dalili tu, na huenda akaumiza tumbo au figo.

Sindano ya steroidi ndiyo hatua nyingine. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mnamo 2018 ulionyesha kwamba sindano ilileta nafuu kubwa kuliko gango baada ya wiki sita, ingawa baada ya miezi sita tofauti ilikuwa imetoweka. Mwenye kisukari amjulishe daktari kabla ya kudungwa, maana sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Ganzi isiyokoma mchana wala usiku, au kusinyaa kwa nyama iliyo chini ya dole gumba, ni dalili kwamba neva inaharibika. Hapo kusubiri hakufai. Daktari wa upasuaji huukata ule ukanda ulio kama paa ili neva ipate nafasi, kwa kawaida kwa dawa ya ganzi ya mkononi tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kinachowatisha wengi si kisu bali siku za kukaa bila kazi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 huwalinda walioajiriwa. Aliyejiajiri, au anayempelekea mwenye pikipiki kiasi fulani kila jioni, kwa kawaida hana mwajiri wa kudai kwake. Bima ya lazima ya pikipiki nayo huwalinda watu wengine wanaoumizwa, si kifundo cha dereva. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, humtaka aliyejiajiri ajisajili na kulipa mwenyewe, kwa hivyo ni vyema kuuliza hospitalini mapema ni gharama zipi zitakazolipiwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, vyama vya bodaboda vinavyochangishana kwa mazishi na ajali vingefaa pia kumfikiria mwanachama anayepumzika kwa wiki chache baada ya kupasuliwa mkono.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kidonda hupona, lakini sehemu ya chini ya kiganja hubaki na uchungu kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na papo hapo ndipo mpini wa usukani hugusa. Nguvu za kushika huchukua takriban miezi mitatu kurejea. Kabla ya kumbeba abiria tena, mwendeshaji aketi juu ya pikipiki injini ikiwa imezimwa, abane klachi na breki ya mbele kwa nguvu mara nyingi mfululizo, na aondoke tu ikiwa mkono haukulegea.