Kuchana juu ya wimbo wa Kimaasai

Mwaka 1992, Rage Against the Machine wa Marekani walitoa albamu yao ya kwanza, rap juu ya magitaa mazito ya roki. Baadaye, huku kwetu Tanzania, vijana wa X Plastaz, kundi la rap la Arusha, hawakuhitaji gitaa. Walimwita Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimaasai. Sikiliza namna anavyoimba: sauti inatoka kooni, nzito, inakatwakatwa na pumzi, na pumzi hizo ndizo zinazobeba mapigo. Mchanaji anaingia juu yake kwa Kiswahili cha mtaani. Ndiyo sababu albamu yao Maasai Hip Hop, iliyotolewa na kampuni ya OutHere ya Ujerumani mwaka 2004, haifanani na kazi ya mtu mwingine. Wimbo wao "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki" unazungumzia njaa na umaskini bila kupepesa macho. Mchanaji wao Faza Nelly alifariki 2006.

Nawe kijana wa Kinampanda, kule kwa Wanyiramba, nyimbo za Kinyiramba nazo zinangoja wa kuzichania. Una simu mkononi: waombe wazee ruhusa, uwarekodi wakiimba.