TURBO, UMEME AU INJINI YA KAWAIDA: NANI ANA MBIO NA NANI ANA RAHA?



Juzi nilikuwa nimekaa kijiweni pembeni ya gereji moja ya mtaani, nikakuta ubishi umeshapamba moto. Kijana mwenye Subaru anasema bila turbo hakuna gari. Mwenzake anasema aache ushamba, umeme umeshamaliza kazi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaweka kikombe cha kahawa chini, akasema gari bila mlio ni friji lenye matairi. Watu wakacheka, ubishi ukaanza upya.

Nikagundua kila mtu anaongea kwa mapenzi na hakuna mwenye namba. Basi nimeziweka hapa kwa mpangilio, ili siku nyingine ukibishana uwe umekamilika.

INJINI YA KAWAIDA

Hii inavuta hewa yenyewe. Pistoni ikishuka inaacha nafasi ndani ya silinda, hewa ya nje inaingia kujaza, inachanganyika na petroli, cheche inapiga, kazi inaanza. Hakuna kitu kinachoisukuma hiyo hewa. Kwa hiyo ukitaka nguvu zaidi una njia mbili kubwa: uongeze ukubwa wa injini, au uifanye izunguke haraka zaidi.

Mfano mzuri ni Ferrari 458 Italia iliyotoka 2009. Ina silinda nane, ukubwa lita 4.5, na inatoa farasi 570 ikifika mizunguko 9,000 kwa dakika. Wanaoipenda wanasema raha yake ni kwamba ukikanyaga inajibu hapo hapo, nguvu inapanda sambamba na mguu wako, na mlio unapanda nayo. Dereva anajua gari inafanya nini hata asipotazama dashibodi.

Ubaya wake: inakunywa mafuta, na nguvu yote iko juu. Usipoizungusha sana huioni.

TURBO

Wazo ni la Mswisi Alfred Büchi, aliyelipatia hataza mwaka 1905. Alitazama moshi unaotoka kwenye eksozi akaona nguvu inapotea bure. Turbo ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi unazungusha ya kwanza, ya pili inavuta hewa safi na kuisindilia ndani ya injini. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi, na injini imebaki ndogo ile ile.

Kwenye gari za kuuzwa kwa watu ilianza Marekani mwaka 1962, kupitia Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Kwenye gari za spoti jina lililotikisa ni Porsche 911 Turbo iliyoonyeshwa Paris mwaka 1974, lita 3.0, farasi 260. Ilisifiwa na ikaogopwa pia. Kwa nini? Kwa sababu turbo za zamani zilikuwa zinachelewa. Unakanyaga, hakuna kitu. Unasubiri. Halafu moshi ukishatosha kuzungusha feni, gari inakurusha mbele kama umepigwa teke. Kwenye njia iliyonyooka ni raha. Katikati ya kona ni habari nyingine.

Renault ndio waliopeleka turbo kwenye Formula One mwaka 1977, na injini ya lita 1.5. Ilikuwa inakufa na kutoa moshi hadi Waingereza wakaiita birika la manjano. Mwaka 1979 birika hilo hilo likashinda mbio za Ufaransa pale Dijon, na baada ya miaka michache karibu kila timu kubwa ikawa na turbo.

Sasa tazama tofauti ndani ya nyumba moja. Mwaka 2015 Ferrari waliiondoa 458 wakaleta 488 GTB. Injini ikapungua hadi lita 3.9 lakini ikapewa turbo mbili. Farasi zikapanda kutoka 570 hadi 670. Nguvu ya kuzungusha ikapanda kutoka 540 Nm hadi 760 Nm, na badala ya kuisubiri kwenye mizunguko 6,000 unaipata kwenye 3,000 tu. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 3.0, wakati 458 ilikuwa chini kidogo ya 3.4. Kwa namba, 488 imeshinda kila kitu. Lakini mpaka leo kuna wapenzi wa Ferrari wanaoililia 458 kama marehemu.

Watengenezaji hawakuhamia turbo kwa ajili ya mbio peke yake. Sheria za moshi Ulaya zilibana, na injini ndogo yenye turbo inapita kwenye vipimo kirahisi kuliko kubwa isiyo nayo.

UMEME

Mota ya umeme haina pistoni, haina eksozi, na gari nyingi za aina hii hazina hata gia za kubadilisha. Nguvu ya kuzungusha inaipata yote tangu matairi hayajaanza kuzunguka. Hakuna kusubiri kabisa.

Rimac Nevera, iliyotengenezwa Kroatia na kuzinduliwa 2021, ina mota nne, kila tairi na yake, jumla farasi 1,914. Mwaka 2023 ilipimwa ikitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa sekunde 1.81. Hiyo ni chini ya muda unaotumia kutamka "Rimac Nevera" vizuri.

Tatizo lake ni betri. Kilo moja ya petroli imebeba nishati kama uniti 12, zile zile unazonunua kwa LUKU. Kilo moja ya betri ya gari haifiki hata robo uniti. Ni kweli injini ya petroli inapoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto, wakati mota inatumia karibu yote. Hata hivyo pengo ni kubwa, na linazibwa kwa kuongeza betri. Ndiyo maana Nevera ina uzito wa kama tani 2.3, wakati 911 ya kawaida ni kama tani moja na nusu. Uzito huo unausikia kwenye kona, kwenye breki, na siku ya kununua matairi.

MLIMA ULIOAMUA

Kuna mahali pamoja ambapo injini hizi zinapimwa bila huruma: Pikes Peak, jimbo la Colorado, Marekani. Ni mbio za kupanda mlima, karibu kilomita 20, kona 156, na mstari wa kumalizia uko mita 4,302 juu ya usawa wa bahari.

Huko juu hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu inavuta hewa iliyopo na iliyopo ni kidogo. Turbo inajitetea kwa kusindilia zaidi. Mota ya umeme haijali kabisa, maana haipumui.

Mwaka 2013 Mfaransa Sébastien Loeb alipanda na Peugeot 208 T16 yenye turbo, farasi 875 na kilo 875, akatumia dakika 8 na sekunde 13. Watu wakasema hapo hapaguswi. Mwaka 2018 Mfaransa mwingine, Romain Dumas, akaja na Volkswagen I.D. R ya umeme, farasi 680 tu na uzito mkubwa zaidi, akatumia dakika 7 na sekunde 57. Farasi chache, kilo nyingi, na bado akamwacha Loeb kwa sekunde 16.

Kwa hiyo kwenye suala la saa, yule kijana wa umeme pale kijiweni alikuwa na haki.

LAKINI WENYE HELA WANARUDI NYUMA

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mwaka 2016 Porsche waliondoa injini ya silinda sita kwenye Boxster na Cayman za kawaida wakaweka silinda nne zenye turbo. Zilikuwa na nguvu kuliko za mwanzo. Wateja na waandishi wa magari wakalalamikia mlio. Mwaka 2020 Porsche wakairudisha silinda sita isiyo na turbo, lita 4.0, kwenye toleo la GTS.

Formula One nao waliporudi kwenye turbo na umeme mwaka 2014, malalamiko makubwa ya mashabiki yalikuwa hayo hayo: gari zimekuwa kimya.

Hyundai wao wakatafuta ujanja. Ioniq 5 N ya 2023 ni umeme mtupu, lakini ukitaka inaigiza gia nane ambazo haina, inakupa kamshtuko kadogo kila "ukibadilisha", na spika zinatoa mlio wa injini ambayo haipo. Unaweza kucheka, lakini hebu fikiria: wahandisi wameifanya gari ijifanye ina udhaifu wa zamani, kwa sababu udhaifu ule ndio watu walikuwa wanaupenda.

Na kubwa kuliko zote ni ya Mate Rimac mwenyewe. Huyu jamaa, mzaliwa wa 1988, alianza na BMW ya zamani. Injini ikamfia kwenye mashindano, akaweka mota ya umeme, na mwaka 2009 akaanzisha kampuni. Ndiye baba wa Nevera. Mwaka 2021 akakabidhiwa pia kuongoza Bugatti, kampuni iliyojulikana kwa injini ya silinda 16 na turbo nne tangu Veyron ya 2005.

Kila mtu akasubiri Bugatti ya umeme. Juni 2024 akaionyesha Bugatti Tourbillon: silinda 16, lita 8.3, HAINA TURBO HATA MOJA, inazunguka hadi 9,000, farasi 1,000. Pembeni yake akaweka mota tatu za umeme zenye farasi 800 za kusaidia. Bei ilianzia euro milioni 3.8, na zilipangwa kutengenezwa 250 tu.

Yaani mtu aliyetengeneza mojawapo ya gari za umeme zenye kasi kuliko zote duniani, alipopewa uhuru wa kuchagua, aliitoa turbo akabakiza mlio. Umeme akaupa kazi ya kusukuma, injini akaipa kazi ya kufurahisha.

KWETU INATUHUSU NINI?

Najua kuna mdau anasema, "Sisi na Bugatti wapi na wapi?" Sikiliza.

Kwanza, mlima si wa Colorado peke yake. Injini ya kawaida yenye farasi 100 pale Dar, ukifika nayo Arusha kwenye mita kama 1,400 inabaki na kama 86. Nairobi, mita 1,700 hivi, inashuka zaidi. Yule kijana wa Subaru anaposema turbo ni tamu nyanda za juu, hasemi porojo. Hata gari kubwa za Safari Rally zinazopita Naivasha zina injini ya lita 1.6 yenye turbo. Mwaka 2022 hadi 2024 ziliongezewa mota ya umeme, na mwaka 2025 ikaondolewa, zikarudi kwenye turbo peke yake.

Pili, gari nyingi za mitaani kwetu ni mitumba. Wanachochagua wenzetu Japani na Ulaya leo, ndicho fundi wetu atakifungua miaka minane au kumi ijayo. Turbo inataka oili safi na kwa wakati, ukizembea inakufa mapema na bei yake unaijua. Gari ya umeme inataka fundi wa betri na kompyuta, na hao tuna wachache. Kijana unayejifunza ufundi leo, hii ndiyo habari yako hasa.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Injini isiyo na turbo ilikuwa kitu cha kawaida, hata Corolla ya teksi inayo. Sasa kwenye gari za spoti mpya inazidi kuwa kitu cha wateule. Porsche 911 GT3 inayo, Ferrari 12Cilindri ya 2024 inayo, Tourbillon inayo. Wengine wote watapata turbo, haibridi au umeme, watake wasitake. Zamani masikini na tajiri walitofautiana ukubwa wa injini. Tunakoelekea, kelele yenyewe itakuwa ya kununua kwa mamilioni.

Kwa hiyo pale kijiweni wote watatu walikuwa sahihi. Kwa saa, umeme. Kwa mlima na mfuko, turbo. Kwa roho, mzee wa kahawa. Na nikiulizwa mimi, ningechukua 458 hata kama 488 itanipita, maana sijawahi kusikia mtu anasimulia sekunde 0.4 huku machozi yanamlenga.

Wewe je? Tupia maoni hapo chini, ila matusi hapana. Dakika zangu hapa kafe zinaisha.