Darubini juu ya bunduki kuukuu: Tujue kazi ya kifaa kabla ya kukipa jina

NENO ‘darubini’ lina asili ya Kiajemi: ‘dur’ ni mbali, ‘bin’ ni kuona. ‘Bunduki’ nalo tulilipata kwa Waarabu. Kwao ‘bunduq’ lilikuwa jina la kokwa fulani, likawa la kidonge cha kurushwa, na mwishowe likawa la silaha yenyewe. Maneno haya mawili tumeyazoea. Lakini pale darubini inapokutana na bunduki, Kiswahili chetu huanza kubabaika.

Majuzi mfasiri mmoja aliyekuwa akishughulikia maandishi ya Vita vya Pili vya Dunia aliniuliza: je, vyuma vinavyoiweka darubini juu ya bunduki tuviiteje? Yeye alikuwa ameandika ‘kishikilio’ kila mahali. Nilimjibu kwamba neno moja halitoshi. Sababu imo katika historia.

Hebu tuitazame Lee-Enfield ya Waingereza, bunduki ambayo askari huvuta na kusukuma komeo kwa mkono kila anapopiga risasi. Wanajeshi wa King’s African Rifles waliibeba, na jamaa yake, ‘Mark 4’, si ngeni kwa wasomaji wa habari za Kenya. Bunduki hii haikuundwa ibebe darubini. Ilikuwa na alama zake za chuma za kulengea, na risasi zilishindiliwa kutoka juu kwa vibanio vya risasi tano tano. Ukiweka darubini pale juu, unaziba njia ya vibanio hivyo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, Wajerumani walikuwa mbele katika jambo hili. Kwao uwindaji kwa bunduki zenye darubini ulikuwa mazoea, na mafundi wao walijua kuzifunga. Waingereza kwenye mahandaki ya Ufaransa waliuawa mmoja mmoja na watu wasiowaona. Basi nao wakaanza kufunga darubini kwenye Lee-Enfield zao, ila nyingi ziliwekwa ubavuni, upande wa kushoto, ili vibanio viendelee kutumika.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Tuseme darubini iko sentimita 5 kushoto mwa mtutu, na imerekebishwa ili mstari wa jicho na njia ya risasi vikutane mita 100 mbele. Kufika mita 200, risasi itakuwa imevuka na kwenda sentimita 5 upande wa pili. Isitoshe, askari alichungulia kupitia tundu jembamba katika bamba la chuma. Mtutu ukipita tunduni, darubini ya ubavuni ilitazamana na bamba lenyewe!

Aliyelalamika sana alikuwa Hesketh Hesketh-Prichard, mwindaji na mchezaji wa kriketi aliyejiunga na jeshi. Alipozikagua bunduki hizo alikuta nyingi hazilengi sawa, na waliopewa hawajui kuzirekebisha. Mwaka wa 1916 alianzisha shule ya walenga shabaha huko Linghem, Ufaransa. Alichosisitiza ni kwamba kioo kizuri hakina maana kama kimefungwa ovyo.

Hesabu inamuunga mkono. Chukua chuma chenye urefu wa sentimita 10 kinachoshika darubini. Ncha yake moja ikilegea kwa milimita 0.1, yaani unene wa karatasi, mlengo utapotoka kwa sentimita 20 katika umbali wa mita 200. Hapo uliyelenga kichwa chake utamkosa kabisa, naye sasa anajua ulipo.

Vita vya Pili vilipokuja, Waingereza walikuwa wamejifunza. Kuanzia mwaka wa 1942, kampuni ya Holland & Holland ya London, mafundi wa bunduki za kuwindia, ilipewa Lee-Enfield Nambari 4 zilizochaguliwa kwa usahihi wake. Iligeuza zaidi ya 20,000. Darubini iliyotumika, Nambari 32, ilikuwa imekusudiwa awali kwa bunduki ya rashasha ya Bren.

Angalia jinsi kazi ilivyofanywa. Kwanza, vipande viwili vya chuma vilifungwa kwa skrubu kwenye ubavu wa kushoto wa bunduki, vikae hapo daima. Pili, kulikuwa na mkono wa chuma uliobeba darubini, ukakazwa kwenye vipande vile kwa skrubu mbili kubwa za kuzungushwa kwa vidole. Ingawa ulishika ubavuni, uliipandisha darubini hadi juu ya bunduki. Vibanio vya risasi tano vikasahauliwa. Askari alitia risasi moja moja. Kwa kuwa jicho lilipaswa kuinuka, kitako kiliongezwa kibao cha kuegemeza shavu. Kisha nambari ya bunduki ikachongwa kwenye ule mkono, na nambari ya darubini kwenye kitako, ili vilivyooanishwa visitenganishwe.

Hapo ndipo jibu langu kwa mfasiri linapopata miguu. Vile vipande vya kudumu ni vikalio: ndipo darubini inapokaa. Ule mkono unaotoka na kurudi ndio kishikilio. Askari aliweza kuondoa kishikilio akiwa safarini na kukirudisha, na shabaha isipotee, kwa sababu vikalio havikuguswa. Ukiviita vyote ‘kishikilio’ kisha ukaandika ‘ondoa kishikilio’, umemwagiza msomaji afungue hata kile ambacho hakifai kufunguliwa.

Kosa hili si la bunduki tu. Tunaona istilahi zikibuniwa kwa kutazama umbo la kitu au kwa kukimbilia kamusi, bila kuuliza kitu chenyewe hufanya nini. Waliotupa ‘darubini’ hawakufanya hivyo. Walitaja kazi yake, kuona mbali, na jina limedumu karne nyingi.

Vikalio navyo vilidumu. Mwaka wa 1970 jeshi la Uingereza lilipozibadilisha baadhi ya bunduki zile ziwe L42A1, zenye mtutu mpya wa milimita 7.62, mpangilio ule ule wa vikalio na kishikilio uliendelea kutumika. Mwaka wa 1982 bunduki hizo zilikwenda vitani katika visiwa vya Falkland, darubini ikiwa bado imekaa pale ilipokaliwa mwaka wa 1942.